Foleni ya Ofa ya Ijumaa

Ijumaa saa tisa alasiri, mkaguzi wa bei za vileo aliingia dukani na kalamu mbili, fomu ya kurasa nne na nakala ya kanuni mpya. Kanuni yenyewe ilikuwa fupi: ni marufuku kuuza kileo chini ya bei iliyoidhinishwa, wala kumpa mnunuzi chupa ya bure. Juu ya rafu ya mwisho lilining'inia bango jekundu: NUNUA MBILI, YA TATU BURE. Chini yake palikuwa na foleni ya watu hamsini na kitu, na wa nne kutoka mbele alikuwa kaka yake, aliyefariki kwa ugonjwa wa ini miaka mitatu iliyopita.

Alivaa suti waliyomzika nayo. Ilimkaa vizuri kuliko siku ile.

"Hujambo, mdogo wangu? Umenenepa."

"Sijambo, kaka. Umefuata nini huku?"

"Nilisikia kuna ofa."

Mkaguzi akaandika kwenye fomu: bango moja, jekundu.

Meneja, mtu mpole mwenye tai fupi, alimweleza bila kuficha. Marehemu walianza kuja wiki ileile bango lilipotundikwa. Mlango wa kioo unaojifungua haukuwatambua, kwa hiyo mlinzi aliagizwa asimame mbele yake wakati wa kuingia kwao. Hawakuwa na fujo. Mmoja akifika kwa keshia huweka chupa tatu kaunta, hutazama mashine ikisoma bei ya mbili, hutabasamu, kisha huziacha palepale na kwenda kujipanga upya nyuma ya marehemu wenzake.

"Kwa hiyo hapa hakuna mauzo, dada yangu," alisema meneja. "Kanuni inasema kuuza. Hawa hawanunui."

"Na wale wa nyuma?"

Nyuma ya marehemu walijipanga walio hai. Mpita njia akiona foleni ndefu namna ile hudhani mali inaisha, naye huingia. Meneja alikiri kwamba siku hizi rafu inajazwa mara mbili kwa siku.

Karibu na majokofu, juu ya stuli ya plastiki, alikaa mama yao mzazi na sweta mapajani.

"Mama! Si ulisema unakwenda kliniki ya macho?"

"Nilisema hivyo, mwanangu. Huu mwezi wa pili niko hapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja na fomu."

Foleni ilipozunguka, kaka akapita mbele ya stuli. Mama akamtoa vumbi begani, akamweka sawa kola, akamwachia aendelee. Halafu akamgeukia binti yake.

"Ukilitoa hilo bango, atakuja kufuata nini?"

Mkaguzi alikumbuka beseni alilomshikia wodini, na jinsi kaka alivyokuwa akiomba radhi kila alipomaliza kutapika, kama mgeni aliyemwaga chai. Akamfuata kwenye foleni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, nikilitoa?"

"Litoe," alisema kaka, macho yakiwa kwenye bango. "Mimi nikiliona siwezi kulipita."

Mkaguzi akajaza kurasa zote nne, akatia sahihi.

Jumatatu bango likashushwa. Ijumaa mama alikaa kwenye stuli mpaka duka likaanza kufungwa, na hakuja mtu wa kutolewa vumbi. Wiki tatu nzima hakumsemesha binti yake zaidi ya salamu. Alipika, akapakua, akala akiangalia ukutani.

Wiki ya nne, baada ya wanasheria wa kiwanda cha vileo kuisoma kanuni neno kwa neno, likatundikwa bango la buluu. Bei haikupunguzwa na chupa ya bure haikutajwa. Mteja alipewa kadi. Kila chupa ilimpa pointi, na pointi zikitimia zilibadilishwa kwa chupa. Mkaguzi akaandika ripoti ya kurasa sita. Ofisi ikamjibu kwa mistari miwili na muhuri mkubwa: pointi si bei wala si chupa, kosa halijaonekana, kanuni itapitiwa upya muda ukiruhusu.

Ijumaa hiyo saa tisa, mlinzi alisimama mbele ya mlango wa kioo na marehemu wakaingia mmoja mmoja. Keshia akawagawia kadi. Mama alikuwa ameshafika. Alimuuliza mkaguzi kama amekula, akampa sweta amshikie.

Kaka alipowafikia alisimama kidogo. Sasa alikuwa wa mwisho kati ya marehemu. "Umejitahidi, mdogo wangu," alisema. Akasogea, maana foleni ilikuwa inakwenda.

Nyuma yake, wa kwanza kati ya walio hai, alikuwa kinyozi wa mtaani kwao. Mikono ilimtetemeka, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano. Mkaguzi alimjua, alimwita kwa sauti, akamwambia atoke, aende nyumbani. Kinyozi akamwitikia kwa adabu, akasema anamalizia tu hizi pointi.

Kaka alimtazama yule mtu kwa muda, akapisha kando kidogo, akamwachia nafasi. Kinyozi akaingia kati ya marehemu, akasogea nao hadi mbele. Keshia akaiweka kando kadi yake ya awali, akachukua mpya kama zile za marehemu, akamuuliza jina lake linaandikwaje.