Nyundo Hurudi Msumarini

"Huyo ni mimi!"

"Si wewe, Mama. Ni mhusika tu."

"Mhusika anayetunza stoo, miwani kichwani, anasema 'tusipotezeane muda'? Mwanangu, usinifanye mjinga."

Baba yake alikohoa ili asicheke. Binti yetu alikuwa ametuketisha sebuleni tuitathmini filamu yake kabla hajaituma kwenye shindano, na mwisho wa kupokea kazi ulikuwa jioni hiyo. Katika filamu, wafanyakazi wa karakana ya samani wamefungiwa ndani. Kipaza sauti kinawaambia mlango utafunguka wakimuua mwenzao mmoja. Fundi mkuu analia. Fundi wa rangi anapiga magoti. Mama wa stoo anachukua nyundo, na mlango unafunguka.

"Mimi siwezi kumuua mtu," nilisema.

"Na yule panya?" mume wangu akadakia. "Sisi tuko juu ya viti, bibie, wewe ukasema 'tusipotezeane muda' ukashika mchi."

"Panya hakuwa mfanyakazi mwenzangu!"

Binti hakucheka. "Nikimtoa huyo mama wa stoo, filamu imekufa. Lakini ukisema nimtoe, namtoa. Sitaki wakuogope kazini kwa ajili yangu."

Nikamwambia arudie kipande kile. Safari hii nilitazama kama mwamuzi. Wote walikuwa wanapiga kelele. Yeye peke yake alikuwa anafikiri. Hakuwa na chuki na mtu. Kazi ilikuwa imeletwa, wenzake wanababaika, akainuka kuifanya. Mimi huinuka hivyo hivyo kila siku, na watu hunishukuru. Sikuwahi kujiuliza ni kazi gani ingenifanya nibaki nimekaa.

"Umekosea mahali pamoja," nikasema. "Anaiacha nyundo sakafuni. Mimi siachi kifaa sakafuni. Ningeifuta, nikaitundika kwenye msumari wake, ndipo nitoke."

Akainamisha kichwa. "Hicho kipande nilikirekodi, Mama. Nikakikata. Niliona aibu kukuonyesha."

"Nionyeshe."

Hakukuwa na muziki. Yule mwanamke aliifuta nyundo kwa aproni, akaitundika, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, kisha akarudi kuinyoosha kwa sababu ilikuwa imekaa upande. Mume wangu hakuwa na mzaha tena. Nilimwona akiangalia mikono yangu.

"Kirudishe," nikasema.

"Wenzako wataiona."

"Waione. Bila hicho ni watu wanaouana tu, na watu wakiuana tumeshawaona. Huyu ndiye anayetisha. Na unamjua vizuri kuliko ninavyomjua mimi."

Alikirudisha. Kidole chake kikasita juu ya kitufe cha kutuma.

Nikashusha miwani kutoka kichwani, nikasoma jina la binti yangu kuhakikisha limeandikwa sawasawa, nikabonyeza.