Shavu la Kushoto

Mpiga picha alikuwa na flashi moja. Zamani zilikuwa mbili, ya pili ikafa, naye hakumwambia mtu. Alitundika tu shuka jeupe upande wa pili wa kiti, liurudishe mwanga kwenye shavu lililobaki gizani. Kwa miaka kumi na moja wateja wengi hawakugundua lolote, na waliogundua walidhani ni nguo zilizoanikwa.

Jumatano asubuhi kaka yake aliingia studio, akaketi kabla hajakaribishwa. Alikuwa fundi cherehani mstaafu. Tangu apatwe na kiharusi mwaka uliopita, upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umeshuka kama mfuko wa koti uliobeba funguo nyingi.

"Nipige picha, mdogo wangu. Moja, kubwa, yenye fremu."

"Ya nini, kaka?"

"Ya kwenda harusini Jumamosi."

"Utaibeba mwenyewe?"

"Itabebwa. Mimi siendi."

Harusi ilikuwa ya binti wa pekee wa kaka, aliyemlea peke yake tangu mama mtu alipofariki na kumwacha na kichanga cha miezi minne. Mpiga picha akaweka kamera mezani.

"Umepagawa."

"Uso huu utawaharibia watu chakula. Picha ikae kiti cha mbele, mimi nikae nyumbani. Na toa hilo shuka lako, upande huu usionekane kabisa."

Kumbe habari za shuka alikuwa anazijua. Hilo nalo lilimuuma.

Wapo watu wanaoweza kuwakatalia kaka zao. Mpiga picha hakuwamo. Aliondoa shuka, akatundika kitambaa cheusi, akasogeza kiti karibu na flashi. Flashi ikapiga mluzi wake wa sekunde kumi ikijaza chaji, kisha ikalipuka.

Picha ilitoka nzuri mno, na hilo ndilo lililokuwa balaa. Nusu ya uso ilikuwa ya bwana mwenye heshima zake. Nusu ya pili haikuwepo. Hakuwahi kuichukia kazi yake nzuri kiasi kile.

"Huyo ndiye mimi," kaka akasema.

"Hiyo ni nusu yako."

"Nusu inatosha. Kiti chenyewe kimoja."

Mpiga picha akaenda jikoni kumchemshia chai, na maji yakiwa motoni akampigia simu binti. Kutoa siri ya kaka ni utovu wa adabu. Akaitoa yote.

Binti alifika mbio kutoka saluni, nywele zimesukwa nusu kichwa. Akaitazama picha kwenye kompyuta kwa muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Baba yako," kaka akajibu, ameugeuzia ukuta shavu la kushoto.

"Mimi huyu simjui sana. Baba, ulikuwa unashona kwa mkono wa kulia, mimi umenipakata wa kushoto, mpaka miguu yangu ikaanza kugonga cherehani. Nilichokuwa nakiona ni sikio hili. Na hiki kidoa chini ya jicho. Ukiimba, nilikuwa naangalia mdomo unavyoishia hapa." Akamgusa pembe ya mdomo, pale palipolegea. "Shangazi, umemkata baba yangu."

"Aliniagiza mwenyewe," mpiga picha akamjibu binti wa kaka yake.

"Uso umeshuka, mwanangu," kaka akasema taratibu.

"Nimeuona. Umeshuka, lakini ni huohuo."

Stendi ya flashi ilikuwa imebandikwa sakafuni kwa utepe na kukandamizwa na mfuko wa mchanga, haijahama tangu flashi ya pili ife. Mpiga picha akapiga magoti, akabandua utepe, akaiburuta stendi hadi upande wa pili wa kiti. Shuka hakulirudisha, na kitambaa cheusi akakivua. Binti akasimama kushoto kwa baba yake, mahali pake pa siku zote. Kaka akaanza kulia waziwazi, jicho bovu likitangulia.

"Nisubiri nifute."

"Usifute," mpiga picha akasema, maana naye alikuwa analia, na mluzi ulikuwa umeshaisha.

Jumamosi ile picha ya nusu uso ilibaki studio, ndani ya fremu yake, imegeuzwa ukutani. Kiti cha mbele alikaa kaka mwenyewe, na watu walikula vizuri tu.