Nani Amezima Swichi Kuu?

Miaka kumi na minne nafundisha ufundi wa umeme wa jua, na kama kuna kitu kinachonichosha, ni mwanafunzi anayejua. Asiyejua unamfundisha, yanaisha. Anayejua anakunyang'anya bisibisi.

Huyu wa leo wenzake walimbandika jina la Kiherehere, na hawakumwonea. Msichana wa miaka ishirini, mwembamba, hatulii, na hakuna chuoni aliyekuwa na mkono mwepesi kama wake. Tatizo ni kwamba mtihani wetu wa mwisho haupimi mkono wa mwanafunzi. Mwanafunzi anarudi kijijini kwao, anafunga mitambo, kisha anakaa miezi mitatu akimfundisha mtu mmoja wa palepale namna ya kuitunza. Siku ya mtihani mimi nafika, naharibu kitu kidogo kwa siri, na yule aliyefundishwa anapewa nusu saa akitengeneze. Mwanafunzi anasimama mikono nyuma, mdomo kimya. Akigusa kitu au akitamka neno la kumsaidia mtu wake, amefeli. Mtu wake akishindwa, amefeli vilevile.

Mwaka jana Kiherehere alifeli kabla hata dakika moja haijaisha. Alimpokonya koleo mtu wake, mwanamume mmoja wa kijijini, akafunga waya mwenyewe, kisha akageuka kuniangalia huku anatabasamu, akingoja nimsifu. Nilitamani kulia. Nafasi ya tatu chuo hakitoi. Leo akianguka, anarudi nyumbani bila cheti, na masomo yake yote yamekwenda na maji.

Nilimkuta amesimama na nesi mlangoni mwa zahanati ya kijijini kwao, alikofunga mitambo.

"Mtu wako ni nani?" nikamuuliza.

"Mama yangu."

"Mama yako kivipi?"

"Mama yangu mzazi, mwalimu. Ndiye anayefanya usafi hapa."

Kichwa kikaanza kunigonga. "Si nilisema kamati ya kijiji ichague watu, umpate kati yao?"

"Ilichagua kumi, mwalimu. Siku ya kwanza wakauliza posho iko wapi. Siku ya pili wakaja wanne. Siku ya tatu alikuwepo mama tu, na yeye alikuwepo kwa sababu alikuwa anapiga deki chumba chenyewe."

Nilimgeukia nesi nikitegemea ataniunga mkono. Hakuniunga. "Mitambo iliyotangulia ilizimika haijamaliza hata mwaka," alisema. "Fundi wa mjini tukampigia simu wiki tatu, kila siku yuko njiani. Chanjo zote tukatupa. Mimi ndiye niliyesimama hapa kuwaambia wanawake warudi na watoto wao, na walikuwa wametembea tangu alfajiri. Mwalimu, kama huyu mama anaweza, niambie leo. Kama hawezi, niambie leo hiihii."

Nesi akahamishia chanjo kwenye kisanduku cha barafu, nami nikawatoa wote nje, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nikapita stoo ya betri nyuma ya jengo, nikarudi chumba cha friji, nikafungua boksi la fyuzi ukutani, nikalegeza waya mmoja unaokwenda kwenye friji, nikafunga boksi. Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi mno, naweza kuifanya huku nikilalamika, na ndivyo nilivyofanya.

Mama mtu akaingia. Mfupi, gauni la kazi, viatu vya mpira, amefunga kitambaa kichwani. Akanisalimu kwa adabu, akaniuliza habari za safari, akaanza kuniuliza na za nyumbani.

"Mama, friji haifanyi kazi," nikamkatiza. "Una nusu saa."

Nikabonyeza saa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una vidole viwili vilivyokauka na kujikunja, havinisaidii chochote tangu ajali niliyopata kazini nikiwa kijana.

Mama akaangalia taa ya friji. Akaligusa boksi kwa macho tu, akatoka kwenda stoo. Vizuri, nikajisemea, anakwenda kuzima umeme kwanza. Baada ya muda mfupi akarudi, akasimama mlangoni, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta chumvi kwenye chai, akatoka tena.

Hakurudi.

Nilisogea dirishani. Alikuwa anaongea na mlinzi. Mlinzi akakataa kwa kichwa. Akaenda kwa nesi, nesi naye akakataa. Kisha, huku dakika zinakwenda, akaenda kwenye benchi walipokaa kina mama wenye watoto, akaanza kuwainamia mmoja baada ya mwingine, hana haraka, utadhani anagawa mialiko ya harusi.

"Anapiga soga!" nikasema. "Waya uko hapa, boksi liko hapa, yeye anapiga soga!"

Kiherehere, aliyeingia na mama yake, alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma, jasho linamtiririka. Nilitegemea macho yake yawe kwenye boksi. Yalikuwa kwangu. Hasa, yalikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto, na hayakubanduka.

"Unaniangalia nini?"

Akafungua mdomo.

"Neno moja tu, umefeli."

Akaufunga. Machozi yakamlengalenga, nami nikazidi kukasirika, maana nilimhurumia. Miezi mitatu! Miezi mitatu na mama yake mwenyewe, na ameshindwa kumfundisha hata kufungua boksi. Nilitoa fomu, nikaanza kuandika ile sentensi ambayo mwaka jana pia niliiandika.

Zilipobaki dakika nane mama akaingia. Bisibisi ilikuwa bado mfukoni.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Ni wewe uliyezima swichi kuu kule stoo?"

"Mtahini haulizwi maswali, mama."

"Basi mimi siwashi."

"Una dakika nane! Usipoitengeneza hiyo friji, mwanao anafeli. Unaelewa?"

"Naelewa sana. Mtoto ni wangu." Miguu yake haikusogea. "Nimekuta swichi imezimwa, na sikuizima mimi. Nimeuliza kila mtu hapa, umebaki wewe. Siwezi kuwasha, huenda kuna mtu ameshika waya mahali. Na boksi sifungui, maana huyo aliyezima anaweza kuja kuwasha mimi nikiwa na mkono ndani. Huyu mwanangu aliniambia hayo kabla hajaniruhusu kushika hata bisibisi. Swichi usiyoizima wewe, usiiwashe mpaka aliyeizima akwambie mkono wake umetoka. Nikamuuliza, mbona unalisema kila siku? Ndipo akanisimulia habari za vidole vya mwalimu wake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Maana nilizima mimi. Kila ninapotaka kufungua boksi nazima kwanza, mkono unakwenda wenyewe. Leo nilizima, nikalegeza waya, nikafunga, na kwa sababu nilikuwa nabishana peke yangu kuhusu posho na wapiga deki, sikurudi kuwasha. Hapo zamani kijana mwenzangu aliikuta swichi imezimwa, akaona ni uvivu kuuliza, akaiwasha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, mkono ndani. Nimewasimulia wanafunzi wote hadithi hiyo siku ya kwanza ya masomo, na wengi hupiga miayo.

"Ni mimi," nikasema. "Nilizima mimi."

"Na mkono wako umetoka?"

Nikauinua wa kushoto, sijui kwa nini. Akauangalia bila kuona haya. "Umetoka, mama."

"Haya. Asante."

Akafungua boksi. Akajaribu waya mmoja mmoja kwa ncha ya bisibisi, polepole, huku midomo yake inahesabu. Kwenye ule uliolegea akasimama, akaguna, akaukaza, akaurudia tena. Kisha akaenda stoo, na tukamsikia anapaza sauti mpaka watoto kwenye benchi wakashtuka: "Nawasha! Kuna mkono wa mtu?"

"Hakuna!" akaitikia nesi.

"Hakuna!" nikaitikia na mimi.

Friji ikanguruma.

Niliikata ile sentensi niliyokuwa nimeanza. Kwenye nafasi ya muda nikaandika: dakika sita, kuanzia mtahini alipojibu. Kwenye nafasi ya makosa nikaandika moja, na mbele yake jina langu. Chuoni watanicheka mpaka mwaka uishe, na watakuwa na haki. Kwenye nafasi ya matokeo nikaandika amefaulu, nikapiga muhuri kwa nguvu hadi meza ikayumba.

Nesi alikuwa ameshaanza kuangalia kipimajoto cha friji, akingoja ipoe arudishe chanjo. Mama mtu alirudi chumbani, akaanza kurudisha kifuniko cha boksi. Skrubu ya kwanza ikamponyoka, ikabingirika chini ya meza. Akapiga magoti kuitafuta kwa kupapasa.

Kiherehere alikuwa bado ukutani, mikono nyuma.

"Mtihani umeisha, wewe," nikamwambia. "Umefaulu. Toa hiyo mikono mgongoni, kamsaidie mama yako."

Aliangalia skrubu, aliiona kabla yetu sote, iko karibu kabisa na kiatu chake. Akaikaza mikono mgongoni.

"Anaiweza mwenyewe, mwalimu," akasema.