Nyuzi Mbili za Kilio

Ijumaa asubuhi Evariste, kiongozi wa kwaya, alimfuata mpiga gitaa wake, Kule, mpaka nyumbani kwake mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia. Alikataa kiti, akasema kwa sauti ya chini, kama kwa kaka mkubwa: "Ya Kule, nipatie jibu leo. Siku ya Yenga gitaa iko ya furaha ao ya kilio?"

Kwa mwenye gitaa ya kawaida swali hilo lingekuwa upuuzi mtupu. Huyo anabonyeza vidole hapa na pale, wimbo wa harusi unageuka wa msiba, basi. Lakini gitaa ya Kule inalazwa juu ya magoti, ina nyuzi nane, na haibonyezwi na kidole; juu ya nyuzi unatelezesha kipande cha chuma. Na chuma kimenyooka. Kinagusa nyuzi zote sawasawa, hakijui kupendelea. Kama ulizikaza kwa furaha, utapiga furaha hata mbele ya sanduku la maiti. Kama ulilegeza uzi wa tatu na wa sita, kidogo tu, utaomboleza hata kwenye harusi ya binti yako. Unachagua kabla ya kuketi. Tena nyuzi zenyewe zilikuwa kuukuu, ukizigusa zinataka siku mbili ndipo zitulie.

Aliyewapa kazi ya kuchagua ni Mbusa. Mdogo wake Kule, mtoto wa mwisho wa mama yao, alikuwa Bambu akichimba dhahabu, na siku ya Yenga, yaani Jumapili ile, kwaya ilikuwa imepanga ibada ya shukrani, kwa kuwa alikuwa anarudi baada ya mwaka mzima. Halafu Jumatatu watu wenye silaha wakashambulia upande ule. Simu ya Mbusa ikazima. Siku tano, Mungu wangu! Wanaume wa familia wakapatana kwamba Mama Kaswera asiambiwe kitu mpaka habari kamili ifike. Mama mwenyewe macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini masikio, ayi! Alisikia hata sufuria ya jirani ikifunuliwa.

"Nitakujibu mangaribi," Kule alisema, na Evariste akaenda zake.

Wanamuziki wa kanisa lao walikuwa na sheria moja, na kila mmoja aliipata siku ile ile aliyofundishwa kushika chuma: nyuzi za kilio hazilegezwi nyumbani. Unabeba gitaa yako mpaka mahali pa matanga, unaona maiti kwa macho yako, ndipo unalegeza, mbele ya watu wote. Sauti ya nyuzi zile mbili zikishuka ndiyo tangazo lenyewe. Baba yao alipokufa, Mama Kaswera alikaa kimya kutwa nzima. Nyuzi zilipoanza kushuka ndipo alipolia.

Kule alijua hayo yote, asijitetee. Lakini huyu ni mtu anayependa kujiona ana akili kuliko waliomfundisha. Alijiambia: mambo ya wazee hayo. Sitawasha mashine ya sauti, na bila mashine gitaa inanong'ona tu. Mama yuko nyuma ya nyumba anachambua maharagi. Nikishusha leo, Jumapili zitakuwa zimetulia, na Mbusa akipiga simu nitazipandisha tena. Kumbe ndani ya moyo alikuwa ameshamzika ndugu yake tangu Jumatano. Alikuwa anaogopa, na amechoka kungoja, na mtu aliyechoka kungoja anataka tu jambo liishe, hata kama linaisha vibaya.

Akafunga mlango. Akalaza gitaa magotini, akashika ufunguo wa uzi wa tatu, akaurudisha nyuma kidogo. Halafu wa sita. Akatelezesha chuma mara moja, polepole, asikie tu.

Nyuma ya nyumba ungo wa maharagi ulianguka.

"Mbusaaa! Mutoto wangu! Bananificha, lakini gitaa haiwezi kunificha!"

Mama Kaswera hakuuliza mtu. Alijitupa chini, akatoa kilio kile kinachoruka ukuta na kuvuka barabara. Na katika mtaa ule, mama akilia hivyo, huulizi, unakuja. Charlotte, jirani wa ukuta mmoja, alifika wa kwanza, kitenge kimekazwa kiunoni. Kabla ya saa nne kulikuwa na mikeka, viti vya plastiki vya kanisa, kuni, na wamama thelathini wanalia pamoja naye.

Kule alizunguka kati yao, amenyoosha mikono. "Hakuna mutu alikufa! Nilikuwa najaribu tu!"

"Kujaribu?" Charlotte alimwangalia kutoka juu mpaka chini. "Kilio banajaribu? Weye Kule, ile chuma ilikuingia mu kichwa?"

Wengine walimpiga bega kwa huruma, maana kwao kila mfiwa anakataa mwanzoni. Alisema mara tatu, akaacha. Ukweli ni kwamba hata yeye mwenyewe hakujiamini.

Wakati huo ujumbe ulikuwa umeshatoka: "Kuko matanga kwa Mama Kaswera. Mukuje." Ulikwenda kwenye simu za ndugu wote, Butembo, Tchomia, popote walipo, na aliyeutuma hakufikiria kuandika aliyekufa ni nani. Simu ya Kule ilianza kulia pole zisizoisha. Akaitupa kitandani, akaenda kupanga viti.

Saa saba mke wake, Mireille, alitoka nayo mbio. "Kule, sikiliza. Ni Mbusa."

Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, imetumwa saa tano kasoro robo. Nyuma yake pikipiki ilikuwa inanguruma.

"Ya Kule, simu ilikuwa bila moto, ndiyo nimepata kuchaji. Siye tuko bazima. Tunajificha mu kanisa, bakubwa banatukataza kutoka mpaka siku ya kwanza, nyuma ya Yenga. Lakini nimesoma habari ya matanga. Mama alikufa, na hamukuniambia? Nakupigia, haunipokee. Nimepata motari moja ya pikipiki anakubali. Musimuzike mama bila miye, tafazali. Nakuja."

Kule alipiga. Simu imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

Lakini Mama Kaswera alikuwa ameshasikia. Aliinuka mkekani bila kushikwa mkono. "Iko muzima! Mbusa iko muzima, na iko njiani!"

Matanga yakageuka sikukuu. Wamama walipiga vigelegele, machozi hata hayajakauka mashavuni, na Charlotte akaweka maji ya bugali juu ya moto.

"Pika mingi," Mama Kaswera aliagiza. "Mutoto iko nakuja na njaa." Akaketi mlangoni, miguu ameinyoosha, anatabasamu kuelekea barabara asiyoiona. "Kule, pandisha zile nyuzi. Anipate na furaha."

Kule alichukua gitaa, akakaza uzi wa tatu, akakaza wa sita, lakini masikio yake yalikuwa barabarani. Kutoka Bambu mpaka Bunia pikipiki haimalizi masaa matatu, hata kukiwa matope. Mbusa alipaswa kufika kabla ya saa nane. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita, na wageni wakapunguza kucheka, mmoja mmoja, bila kuambiana.

Saa kumi Orly, motari anayekaa ng'ambo ya barabara, aliingia uani, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope. Aliona viti na watu waliokaa kimya, akavua kofia, akaenda kumshika mama mkono.

"Pole, mama. Miye natoka njia ya Bambu. Banaifunga tangu saa sita, masasi tu, bunduki zinalia. Siye bote tulirudi." Alitikisa kichwa. "Ila mwenzetu moja na mutu alimubeba nyuma. Tulibakataza, tulishika mpaka usukani. Yule mutu, vumbi ilimufunika sura yote, akalia, akasema banazika mama yake leo, hawezi kugeuka. Bakapita."

Charlotte aliacha kukoroga. Mireille alishika mdomo wake kwa mikono miwili.

Mama Kaswera hakuuachia mkono wa Orly. "Mama ya yule mutu," akasema polepole, "ni miye."

Halafu akageuza uso huku na huku akimtafuta mwanawe mkubwa. Kule alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, akarudi nyuma hatua ya tatu, taratibu, asisikike.