Mvua ya Mla Ukoko

Mvua ya Madale haipigi hodi. Msafara wa harusi ulikuwa ndiyo kwanza unasimama mbele ya nyumba ya Mzee Gaspar, baba wa bi harusi, ukitokea kanisani kwa honi na vigelegele, mara ikamwagika kama mtu kapindua pipa juu ya bati. Wapambe wakavua viatu na kukimbilia barazani. Mpiga tarumbeta akakimbia naye, chombo kikimtiririkia maji begani.

Ndani ya gari, bi harusi Demetria alijifunika uso kwa shela.

"Basi tena," akasema. "Imekuwa kama ya mama."

Shomari, mpiga picha, aliketi kiti cha mbele, kamera mapajani. Alielewa vizuri anachosema. Siku walipopatana kazi, Demetria hakuuliza habari za albamu wala za video. Alimpeleka sebuleni kwao, akamwonyesha ukuta. Palikuwa na picha za ubatizo, za mahafali, kalenda ya parokia, na katikati msumari mtupu. Wazazi wake walifunga ndoa kule Rombo siku ya mvua kubwa. Mpiga picha wao akafungasha vitu vyake, akaenda kunywa pombe ya mbege, na mpaka leo hawana picha hata moja ya siku ile. Msumari ule mama yake, Mama Eliaichi, aliupigilia mwenyewe walipohamia Madale, na hakuna aliyethubutu kuutundikia kitu.

"Picha yangu ndiyo itakaa pale," Demetria alimwambia. "Ya nje, mchana, tunacheka. Sitaki ya ukumbini na yale mataa ya zambarau."

Na Shomari, ambaye mdomo wake hutangulia akili, alijibu: "Hata ikinyesha mvua ya mawe, utaipata."

Sasa mvua ndiyo hiyo. Na barazani shangazi Vaileth alikuwa ameshapanda jukwaani.

"Si niliwaambia nyie? Huyu alikuwa anakula ukoko ndani ya sufuria! Namfukuza jikoni mlango huu, anaingilia ule, kijiko mkononi! Mtoto akila ukoko sufuriani, siku ya harusi yake lazima inyeshe. Leo si mnaona?"

Baraza zima likaangua kicheko. Demetria hakucheka.

"Shemeji," Edgar, msimamizi wa bwana harusi, aligeuka kutoka kwenye usukani, "MC anapiga simu. Anasema picha za beach tusahau, twende ukumbini moja kwa moja."

"Mwambie MC asubiri," Shomari akasema. "Dada, shela juu. Mie nashuka kuangalia pa kusimama."

Akashuka kishujaa, kamera ameivalisha mfuko wa mkate na kuufunga kwa rababendi. Akaielekeza barazani ajaribu. Hakuona kitu. Kioo chote kilikuwa ukungu mtupu, kama dirisha la bafu. Akafuta kwa pindo la shati. Ukungu ukarudi. Akafuta tena, ukarudi mzito zaidi.

"Fundi!" shangazi Vaileth akapaza sauti. "Kamera yako nayo inalia?"

Shomari alijilaani kimoyomoyo. Njia nzima kutoka kanisani yeye ndiye aliyekuwa anamhimiza Edgar, "Ongeza AC, kaka, joto litatuua." Wao walipoa, na kamera ikapoa pamoja nao. Sasa imekutana na fukuto la Dar, inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Kufuta hakusaidii. Lazima ipate joto. Na mawingu yale yalikuwa yanazidi kuula mwanga.

Akakimbilia banda la kupikia nyuma ya nyumba. Mama Eliaichi alikuwa peke yake pale, vitenge viwili kiunoni, anatazama moto badala ya kutazama mvua.

"Shikamoo mama. Naomba joto la jiko, kamera yangu imeshikwa na baridi."

"Marahaba, baba. Kaa tu." Akamsogezea kigoda. Baadaye akasema, bila kugeuka, "Mwambie asilie. Mimi nimekaa bila picha na sikufa."

"Mama, ule msumari sebuleni mie nimeuona."

Mama Eliaichi akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

Shomari akainua macho ili asimtazame usoni. Ukutani, limeegemezwa kichwa chini, aliona sufuria kubwa la shughuli, pana kama mwavuli, mgongo wake mweusi kwa masizi.

"Mama, ukoko wenyewe alikuwa anaulia wapi?"

"Si humo humo! Alikuwa anaingia kichwa kizima, unabaki unaona miguu tu."

Shomari akaruka juu, kigoda kikaanguka. "Mama, naliazima hili!"

Akatoka nalo mvuani, kamera ikiwa imevuliwa ukungu, safi kama jicho la mtoto. "Bi harusi! Bwana harusi! Shukeni! Mwavuli wenu huu hapa!"

Demetria akafungua mlango kidogo, akaliona lile sufuria, akalitambua. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Audax, bwana harusi, akamtazama mkewe anavyocheka, naye akaanza kuvua viatu.

"Ngojeni!" Shangazi Vaileth alishuka barazani mbio, gauni la hariri mwilini, stiliwaya mkononi. "Wendawazimu nyie! Masizi hayo yote juu ya shela jeupe?" Akalipindua sufuria palepale uani, akalisugua kwa nguvu zake zote, mvua ikimsuuzia, hadi likang'aa na wigi lake likalala shavuni.

Maharusi wakasimama katikati ya uwanja, peku, wamelishika sufuria juu ya vichwa vyao. Shomari akapiga ya kwanza kwa flashi. Akatazama. Ovyo! Kila tone lililokuwa mbele limegeuka doa jeupe, bi harusi kama ana surua.

"Edgar! Lete gari nyuma yao! Washa taa kali, elekeza huku kwangu! Nyie maharusi kingeni mwanga, ufichike mgongoni kwenu!"

Edgar akazunguka kwa kuteleza, akawasha. Na hapo, jamani! Mvua iliyokuwa kijivu ikawaka. Nyuma yao mwarobaini ulikuwa mweusi tii, na mbele ya weusi ule kila tone lilionekana, likidunda juu ya sufuria na kuruka kama cheche. Shela likang'aa pembeni. Shomari akapiga magoti topeni.

"Msinitazame mie! Mwambie siri ya ukoko!"

Demetria akamnong'oneza Audax kitu. Audax akacheka mpaka sufuria likayumba, maji yakamwagika mgongoni mwa Demetria, akapiga ukelele, akaruka. Shomari alikuwa anabofya wakati wote huo. Akatazama kioo cha kamera, akapiga kelele kama mtu aliyefunga goli. "Ipo! Ipo hapa!"

Baraza zima likamwagika uani. Hakuna aliyekumbuka kulowa. Tarumbeta likapata sauti yake. Demetria akaitazama picha, akafuta macho, na safari hii si kwa uchungu. Halafu akageuka kutafuta mtu.

"Mama yuko wapi? Baba! Mlete mama hapa!"

Mzee Gaspar akaingia bandani, akatoka anamvuta mkewe kwa mkono.

"Niache, mzee mzima, watu wanatuona!"

"Waone," akasema Mzee Gaspar. "Ile ya Rombo hawakuiona."

Demetria akavua shela lake, akamtupia mama yake juu ya kilemba. Mzee Gaspar akaliinua sufuria peke yake, akalishikilia juu ya kichwa cha mkewe, mwenyewe akalowa chapachapa. Mama Eliaichi akamtazama, akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akakiondoa.

Shomari akabofya.

Akawapelekea kamera, ameikinga kwa kifua. Mama Eliaichi akaitazama muda mrefu, maji yakidondoka puani.

"Hii ndiyo ya kwenye msumari," akasema.

"He!" Demetria akashika kiuno. "Na yangu je?"

"Yako? Wewe si umeolewa leo? Nenda kapigilie msumari kwako. Na hilo sufuria ondoka nalo."