Umande wa Mdomoni

Wainaina alikuwa na imani moja ambayo padri hakumfundisha: nguo ikitoka na kunyanzi, mwenye dhambi ni aliyeipiga pasi. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama nyuma ya meza moja katika duka la dobi la Bwana Mohinder mjini Thika, na miaka hiyo yote watu wa mji ule walipendeza kwa sababu yake bila kumjua. Hata askari waliomsimamisha barabarani na kumpekua, mistari ya suruali zao za kaki ilikuwa kazi ya mkono wake. Alisimama ameinua mikono juu, macho yake yako kwenye kola ya askari, akiona kwamba jasho limeanza kuilegeza.

Mwaka huo wa 1955 Mkikuyu hakuwa mtu mjini ila kwa kitabu chake cha ruhusa. Kitabu kilitakiwa kutiwa sahihi na mwajiri kufikia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asiye na sahihi alipandishwa lori Jumatatu asubuhi na kurudishwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, na kutoka humo ilikuwa ndoto. Wainaina angelivumilia handaki. Alichoshindwa hata kukifikiria ni kumwacha mkewe Waceke, ambaye alikuwa amelazwa hospitalini pale Thika mwezi wa pili sasa kwa ugonjwa wa kifua. Binti yao wa pekee, Gathoni, alikuwa ameolewa Nyeri na hakuwa na ruhusa ya kutoka. Uji wa Waceke ulipelekwa na Wainaina, kila jioni, kabla hajapanda treni kurudi chumbani kwake Ruiru. Asipokuwepo yeye, hakuna mwingine.

Bwana Mohinder hakukataa kutia sahihi. Alisema tu angoje kidogo. Binti yake Malti alikuwa anaolewa Jumapili, siku moja baada ya Jumamosi hiyo, na kwa ajili ya nguo za harusi alikuwa ameleta kutoka Nairobi pasi ya umeme inayotoa mvuke, ya kwanza kuonekana mtaa ule.

"Nguo ya harusi ikitoka mzuri, mimi natia sahihi," alisema. "Lakini hii pasi nafanya kazi yenyewe. Hata Kamene naweza kutumia."

Kamene alikuwa mfuaji wa duka, mwanamke wa Kikamba kutoka upande wa Gatuanyaga, na serikali haikumdai kitabu cha namna ile. Hakuwa mtu mbaya. Aliposikia hivyo aliinamisha kichwa kwenye karai lake na kuendelea kufua.

Basi Wainaina akaiweka kando pasi yake ya makaa, akaichunguza ile mpya kama mtu anavyomchunguza mkwe aliyeletwa nyumbani bila yeye kuulizwa. Siku tatu zilimtosha. Mashuka ya kitani aliyapiga yangali na unyevu, kwa moto wote na mvuke mwingi, maana kitani ikishakauka ni kubishana nayo tu. Koti la sufu la Bwana Mohinder hakuliburuzia pasi. Alitandika kitambaa juu yake, akabonyeza, akainua, akabonyeza tena, ili sufu isilale na kung'aa kama kiti cha zamani. Shati la nailoni, ile nguo mpya isiyo pamba wala hariri, alilipa joto ambalo hata kidole kingelistahimili. Kila nguo aliijaribu kwanza kwenye pindo la ndani, pasipoonekana. Ilimuuma kukiri, lakini pasi ile ilikuwa nzuri.

Jumamosi asubuhi ililetwa sari ya Malti. Ilikuwa hariri nyekundu yenye pindo la nyuzi za dhahabu, na ililetwa na bibi yake Malti mwenyewe, mama mzazi wa Bwana Mohinder, ambaye kila mtu alimwita Biji. Biji hakuwa na desturi ya kushuka dukani. Siku hiyo aliketi kwenye kigoda mlangoni na sinia ya dengu mapajani, akichagua mawe, jicho moja kwenye dengu na la pili kwenye sari ya mjukuu wake.

Wainaina aliigeuza sari upande wa ndani, akapunguza moto, na kwa muda wa saa nzima ikamtii. Ilibaki sehemu ya urefu wa dhiraa mbili, na hapo palikuwa na alama ngumu ya mkunjo, ya miaka mingi sandukuni. Kabla ya kuugusa alibonyeza pasi kwenye kitambaa chake cha majaribio, kama alivyofanya siku zote. Pasi ikakohoa na kutema tone la rangi ya chai. Maji ya mto Chania yalikuwa yameacha tope tumboni mwake. Tone lile lingeangukia hariri, mambo yangekuwa yamekwisha.

Akamwaga maji yote, akafuta tundu moja moja. Sasa pasi ilikuwa kavu, na mkunjo ule haungetoka bila unyevu. Kunyunyiza kwa vidole kungeacha matone, na hariri hulishika tone kama kinyongo. Kilichotakiwa ni umande. Na umande Wainaina aliujua. Akachukua kikombe chake, akajaza maji mdomoni, akabana midomo, akapuliza.

Ulitoka mwembamba kama pumzi ya mtoto. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha, ndivyo alivyopiga mashati ya mji mzima. Akapitisha pasi mara moja, mara mbili, na mkunjo ukatoweka. Wainaina akatabasamu peke yake. Moyoni alikwishaiona sahihi kitabuni.

Dengu zilimwagika sakafuni. Biji alikuwa amesimama, ameuvuta mtandio wake ukamfunika mdomo, na alikuwa akimwita mwanawe kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyefiwa.

Kwa Biji, kilichopita mdomoni mwa mtu kilikuwa kimekwisha kuchafuka. Chakula kilichoonjwa hakipelekwi mbele ya mungu, na msichana anayekwenda kuuzunguka moto wa ndoa havai nguo iliyotemewa maji. Mashati ya wateja yalikuwa mambo ya biashara, naye hakuyatazama kamwe. Wainaina, miaka ishirini na miwili, alikuwa amewaona watu wa nyumba ile wakinywa maji kwa kuyamimina kooni bila kikombe kugusa midomo. Aliona kila siku, na hata siku moja hakujiuliza kwa nini. Mjinga hasa! Angeweza kulowesha kitambaa cheupe, akakikamua, akakitandika juu ya hariri. Hilo alilikumbuka baadaye, na halikumwacha tena.

Bwana Mohinder alikuja, akamsikiliza mama yake hadi mwisho, kisha akaishika sari na kuigeuza mwangani. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Kazi yako ni safi, Wainaina. Mimi naona kwa macho yangu," alisema. "Lakini nikitia sahihi leo, mama hatakula tena nyumbani kwangu."

Wainaina alimwambia habari za Waceke. Alimwambia habari za lori. Alipiga magoti, mzee mzima, kwenye dengu zile. Bwana Mohinder alitazama ukutani, akamrudishia kitabu kilivyokuwa, na sari akaitupa kwenye kona ya matambara. Ilianguka ikajikunja vibaya. Wainaina aliona aibu kwamba hata wakati ule jambo hilo lilimuuma.

Jioni alimpelekea Waceke uji. Alimkuta ameketi kitandani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa majuma mengi. Waceke alimuuliza sari imetokaje.

"Haina hata kunyanzi moja," Wainaina akajibu.

"Basi ametia sahihi."

Wainaina alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. Waceke hakungoja jibu, kwa kuwa alikuwa na habari yake mwenyewe, na ilimjaa usoni. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kifua kinakauka, na Ijumaa ataruhusiwa kwenda nyumbani.

"Uniletee ile gauni ya buluu, Baba Gathoni. Na uipige pasi wewe mwenyewe. Nataka hawa watu wa wodi waone natoka hapa nikiwa mke wa nani."

"Nitaipiga," alisema. Alijiita mwoga njia nzima hadi stesheni, na hakurudi kumwambia.

Jumapili mchana, siku moja kabla ya lori, huko Ruiru, Wainaina aliwasha makaa ya pasi yake ya zamani. Kamene alikuwa ameahidi kuipeleka gauni hospitalini Ijumaa, na kumweleza Waceke yale ambayo mumewe alishindwa kuyasema. Wainaina alitandika blanketi juu ya sanduku, akaitandaza gauni, akainyoosha mikono na kola kwa kiganja. Ilikuwa pamba tupu, nguo rahisi kuliko zote, ambayo mwanafunzi wa siku ya kwanza angeiweza. Akaijaribu pasi kwenye pindo la ndani. Akajaza maji mdomoni, akabana midomo, akapuliza.

Umande haukutoka. Midomo ilikuwa ikimtetemeka, na maji yakamwagika kidevuni, yakaiangukia gauni matone makubwa makubwa. Alijaza tena, akapuliza tena, na tena, hadi kifua chote cha gauni kikalowa, na makaa yakaanza kufifia ndani ya pasi.