Beji ya Kapteni Mims

Mama uliye na kijana chuoni, akikwambia anajiunga na kikosi cha gwaride, usifurahie suruali iliyonyooshwa. Mfungue shati kwanza, umtazame kifua.

Wangu ni Darius. Alipoingia chuo pale Alabama alitamani kitu kimoja tu: kurusha bunduki hewani na kuidaka na wale vijana wa kwata, ambao pia wana chama chao cha udugu. Kuwa kuruta wao ni utumwa. Unawang'arishia viatu, unakata kona kwa mwendo wa gwaride hata ukienda kula, ukimkuta mkubwa wako unapiga saluti na sahani ya kuku mkononi. Hayo niliyavumilia. Jeshi ni jeshi.

Siku ya kuapishwa, akina mama tuliitwa kuwabandika wana wetu beji. Nyuma ya beji kuna sindano mbili, kila moja na kifuniko chake. Nilipomgusa Darius kifuani akaruka kama kaunguzwa na pasi.

"Nini?"

"Hamna kitu, Mama. Bandika tu, watu wanatazama."

Nikafungua kifungo. Matundu mawili, yamevimba, yanatoa maji. Na mengine chini yake.

"Nani kafanya?"

"Mama, tafadhali. Ni mila. Wanaondoa vifuniko, wanaigonga beji kwa ngumi, basi, umekuwa ndugu."

"Nimekuuliza nani."

Jicho lake likaenda kwa kapteni wao, Jarvis Mims.

Mims naye alikuwa anapewa beji ya dhahabu siku hiyo, na mamake hakufika. Akanijia na meno yote nje. "Mama Darius, nisaidie basi. Leo wewe ndiye mama yangu."

"Njoo, mwanangu. Njoo kwa mama."

Vifuniko nikavidondosha mkobani. Nikaiweka beji juu ya shati lake, nikakunja ngumi. Mimi nimekata kuku kiwandani tangu ujana, mkono wangu si wa kupungia watu kanisani. Nikagonga. Akalia kama mbuzi. Nikagonga tena.

"Haya, tumekuwa ndugu," nikamnong'oneza. "Unasikiaje?"

Sitadanganya: ilikuwa tamu. Mpaka leo ni tamu. Nilitamani zingekuwa sindano kumi.

Nikageuka nikitazamia Darius atanishika mkono twende zetu. Kumbe yuko mbele ya Mims, anamfuta damu kwa kitambaa chake cheupe. "Samahani, afande. Hajui huyu."

"Mtoe mamako hapa, kuruta."

"Ndiyo, afande."

Akanikokota hadi langoni. "Nilikuwa nimeshamaliza, Mama! Ilikuwa imekwisha! Sasa wataniambia nianze upya."

"Mwanangu, wamekutoboa."

"Niliwaambia watoboe!"

Na kweli alianza upya, na safari hii walimgonga wote, mmoja baada ya mwingine. Sikukuu ya Shukrani hakuja. Bata mzinga nilimla na majirani. Nikipiga simu wanasema yuko mazoezini.

Sasa nasikia kapteni ni yeye, na kuruta wanamwogopa kuliko walivyomwogopa Mims. Mama mwenzangu, mtoto wako akirudi na matundu, ukaambiwa aliyemgonga ni Darius Pettway, nenda. Sitauzuia mkono wako.